Sauti ya Chini: Ulemavu, Ufundi na Historia ya Besi

Katika ngoma zetu za pwani, chapuo ndilo lisemalo kwa haraka, na vumi ndilo livumalo. Mtu apitaye mbali usiku hulisikia vumi kwanza, kabla hajatambua ni ngoma gani ichezwayo wala ni nani aimbaye. Sauti ya juu huingia kwa masikio. Sauti ya chini huingia pia kwa kifua na kwa nyayo. Bendi za dansi zilipoenea mijini, kazi ya vumi ilishikwa na gitaa la besi, na katika taarabu ikashikwa na fidla kubwa isimamishwayo sakafuni. Hata hivyo mpiga besi hatajwi sana. Watu husifu mwimbaji, husifu mcharaza solo, kama wageni wanavyosifu nakshi za mlango na kuisahau nguzo ibebayo paa.

Katika makala hii nakusudia kuitazama historia ya sauti hiyo ya chini kwa upande mmoja tu: upande wa wanamuziki ambao miili yao haikufuata kipimo kilichozoeleka. Wengine walizaliwa katika afya njema wakapatwa na ajali. Wengine walipooza utotoni. Mmoja aliupoteza mkono vitani. Wote walikuta kwamba ala wanayoipenda ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mtu mwingine. Jinsi walivyoipata sauti yao ni jambo lifaalo kujulikana na walimu na wanafunzi wetu, kwa sababu kila mwaka katika shule zetu yuko mtoto aambiwaye akae pembeni atazame wenzake wakicheza ngoma.

Kuhusu watu wa namna hii tumezoea kusema, "Penye nia pana njia," kisha tukapiga makofi na kuondoka. Sikatai kwamba nia inahitajika. Lakini historia yaonyesha kwamba nia peke yake haikutosha hata mara moja. Kila tunapoiona mbinu mpya ya upigaji, tutakuta kwamba vitu vitatu vilikutana: mtu aliyeijua kazi yake, chombo kilichokubali kubadilishwa, na wenzake waliompa nafasi. Kimoja kikikosekana, njia hufungwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya maneno. Kilema, kiwete, kipofu na kiziwi ni majina ya ngeli moja na kiti na kisu, na wako wanaodai kwamba lugha yenyewe ilimshusha mtu akawa kama kitu. Lakini kijana na kiongozi nao wamo katika ngeli hiyo hiyo, na sijapata kumsikia kiongozi akilalamika. Kosa halimo katika kiambishi. Kosa limo katika kumwita mtu kwa kiungo kisichofanya kazi na kuvisahau vile vifanyavyo. Ndiyo maana leo twapendelea kusema "mtu mwenye ulemavu": mtu hutajwa kwanza, na hali yake hufuata.

Mikono miwili na kazi mbili

Yafaa kwanza tuelewe besi hupigwaje. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mnene kuliko zote, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi utoao sauti ya chini kiasi hicho hauna budi kuwa mrefu na mzito, na katika besi nyingi za umeme urefu wake ni karibu sentimita 86. Kwa hiyo besi hudai nguvu, na hudai vidole vitawanyike. Mkono mmoja huchagua sauti kwa kuubana uzi shingoni mwa gitaa. Mkono wa pili huiamsha sauti hiyo kwa kuudonoa uzi. Ni kazi mbili, nasi tumezoea kuzigawa kwa mikono miwili.

Je, aliyebakiwa na mkono mmoja afanyeje? Jibu lilirahisishwa na umeme. Gitaa la besi la umeme la Leo Fender lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951, na tangu hapo sauti hafifu ya uzi iliweza kukuzwa kwa mashine. Ukiushusha uzi ghafla kwa ncha ya kidole, kama fundi apigavyo nyundo, hata ukagonga chuma kidogo kilicholazwa shingoni, uzi huanza kulia kutoka pale pale ulipobanwa. Kidole kile kile kimechagua sauti na kuiamsha. Ukikiondoa kwa kuuvuta uzi kidogo upande, uzi hulia tena kwa sauti nyingine. Tatizo ni nyuzi zilizo wazi, ambazo hulia ovyo bila kuitwa; dawa yake ni kitambaa kifungwacho karibu na kichwa cha gitaa ili kuzinyamazisha. Wapiga besi wa mkono mmoja hufanya hivyo, na wenye mikono miwili nao wameitumia mbinu hiyo, kwa sababu huipa besi mwendo wa ngoma.

Tusije tukadhani kwamba kuna idadi ya vidole iliyoandikwa mbinguni. James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1983, alipiga besi katika santuri nyingi zilizotolewa na kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Mikono yake yote ilikuwa mizima, lakini alidonoa nyuzi kwa kidole cha shahada peke yake, nacho kikapewa jina la Ndoana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole kimoja cha Jamerson kiliwachezesha watu dunia nzima. Na katika makanisa ya Ulaya, kwa karne nyingi, wapiga kinanda kikubwa wamepiga sauti za chini kwa miguu, wala hakuna aliyesema kwamba wamekosa mikono. Kile tukiitacho upigaji sahihi, mara nyingi ni mazoea tu.

Ngoma kubwa ya mtu mfupi

Tuanze na ngoma. Chick Webb alizaliwa Baltimore, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kifua kikuu cha mifupa kiliushambulia uti wake wa mgongo tangu utotoni. Mgongo ukapinda, akabaki mfupi sana, na maumivu hayakumwacha maisha yake yote. Mtu kama huyo tungetazamia apewe kingoma kidogo kinachomfaa. Yeye alifanya kinyume. Alitumia ngoma ya besi yenye kipenyo cha inchi 28, yaani sentimita 71 hivi, ambayo ilikuwa kubwa hata kwa mtu mrefu. Alichokibadilisha si ngoma bali njia ya kuifikia: alikalia jukwaa lililoinuliwa, na pedali zake zilitengenezwa mahsusi ili miguu yake ifike.

Katika miaka ya 1930 Webb aliongoza bendi katika ukumbi wa Savoy huko Harlem, New York. Mwaka 1935 alimpokea kijana mwimbaji, Ella Fitzgerald, ambaye baadaye jina lake lilienea ulimwenguni. Mwaka 1937 bendi ya Benny Goodman, iliyokuwa na sifa kubwa mno wakati huo, ilikwenda Savoy kushindana naye, na kwa maelezo ya wengi waliokuwapo, Webb ndiye aliyeshinda. Alifariki mwaka 1939, akiwa bado kijana. Hapa pana somo la kwanza: urefu wa pedali unaweza kubadilishwa, na aliyelitambua hilo mapema hakuwa na haja ya kujinyima sauti kubwa.

Mkono wa kushoto

Mkono wa kushoto wa mpiga piano ndio mkono wa besi. Wa kulia huimba, wa kushoto hubeba. Paul Wittgenstein wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1887, alikuwa ameanza kujulikana kama mpiga piano ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 alijeruhiwa, mkono wake wa kulia ukakatwa, naye akachukuliwa mateka hadi Siberia. Aliporudi alikuwa na mkono mmoja tu, ule wa besi.

Aligundua jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kulitazama. Ukiuweka mkono wa kushoto juu ya piano, kidole gumba hukaa upande wa sauti za juu, na kidole cha mwisho hukaa upande wa sauti za chini. Basi kidole gumba, ambacho ndicho chenye nguvu, chaweza kuimba wimbo, na vidole vilivyobaki vikashika besi. Mkono huruka haraka kutoka chini kwenda juu, na pedali ya mguuni huishikilia sauti ya chini isife kabla mkono haujarudi. Msikilizaji aliyefumba macho husadiki kwamba anasikia mikono miwili.

Wittgenstein alikuwa mtoto wa familia tajiri, na ukweli huo haufai kufichwa: aliweza kuwalipa watunzi wakubwa wa zama zake wamwandikie kazi za mkono wa kushoto. Maurice Ravel wa Ufaransa alimwandikia tamasha la piano na okestra, ambalo lilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwezi Januari 1932. Kazi hiyo huanza chini kabisa, katika fidla za besi na zumari ya besi, kana kwamba mtunzi alitaka kutangaza tangu mwanzo kwamba kisima cha muziki huu kiko chini. Baada ya Wittgenstein, wapiga piano wengine walioumia mkono wa kulia waliikuta hazina hiyo ikiwangoja.

Horace Parlan hakuwa na utajiri wa namna hiyo. Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1931, na alipokuwa na umri wa miaka 5 alipata polio iliyoudhoofisha mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vya mkono huo havikumfaa sana. Parlan aliupa mkono wa kushoto kazi ya kupanga sauti nyingi kwa pamoja, na kwa vidole vichache vya kulia alipiga vifungu vifupi, vikali, vyenye kurudiwarudiwa kama mtu asisitizaye hoja. Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi mashuhuri wa jazi, alimchukua katika kundi lake, na mwaka 1959 Parlan akapiga piano katika santuri mbili za Mingus ziitwazo Blues & Roots na Mingus Ah Um. Mingus alikuwa mtu mgumu, asiyemhurumia mwanamuziki mzembe. Alimweka Parlan kwa sababu alizipenda sauti zile. Parlan alihamia Denmark katika miaka ya 1970, akafariki huko mwaka 2017.

Santuri iliyofika Birmingham

Django Reinhardt alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, katika jamii ya Waroma waliokuwa wakihamahama na magari yao ya kulala. Usiku mmoja mwaka 1928 gari lake lilishika moto. Mkono wake wa kushoto, ule wa kuchagua sauti, uliungua, na vidole viwili vya mwisho vikajikunja visinyooke tena. Alijiuguza kwa zaidi ya mwaka mzima, na katika muda huo alijifunza gitaa upya. Wimbo aliupiga kwa vidole viwili, akivikimbiza kwa urefu wa shingo badala ya kuvuka kutoka uzi hadi uzi kama wengine. Vidole vilivyojikunja aliviachia kazi ya kubana nyuzi za juu alipopiga sauti za pamoja, na kidole gumba alikipitisha juu ya shingo kushika nyuzi za besi.

Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli waliunda kundi lao mjini Paris. Kundi hilo halikuwa na ngoma hata moja. Magitaa mawili ya kusindikiza na fidla kubwa ya besi ndivyo vilivyobeba mapigo. Juu ya sakafu hiyo vidole viwili vya Django vilikimbia vilivyotaka. Hakika, asingekuwa na sakafu hiyo, asingekuwa na pa kukimbilia.

Django alifariki mwaka 1953. Miaka 12 baadaye, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa akimaliza siku yake ya mwisho kiwandani, ambako mabati yalikatwa kwa mashine. Mashine ilikata ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia. Iommi hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio uliokuwa ukibana nyuzi. Kama alivyosimulia mwenyewe, aliambiwa hatapiga tena. Lakini mkuu wake wa kazi alimpelekea santuri ya Django, akamweleza habari za yule mtu wa vidole viwili.

Kilichofuata ni kazi ya fundi zaidi kuliko kazi ya mshairi. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki, akaifinyanga ikawa vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze juu ya nyuzi. Akatafuta nyuzi nyembamba kuliko za kawaida. Baadaye akazilegeza nyuzi zenyewe, na katika baadhi ya nyimbo za santuri ya mwaka 1971 alizishusha kwa nusu-sauti tatu, ili zisiviumize vidole. Geezer Butler, mpiga besi wa bendi yao ya Black Sabbath, aliishusha besi yake kumfuata. Hivyo bendi nzima ikateremka chini, ikapata mvumo mzito ambao haukuwa umesikika katika roki. Bendi nyingi zilizokuja baadaye, zenye vijana wenye vidole vyote kumi, zililegeza nyuzi zao ili zipate mvumo huo. Jeraha la mtu mmoja likawa shule ya wengi.

Tuangalie vizuri aliyeyawezesha hayo. Butler angeweza kusema, "Besi yangu ni hivi ilivyo, anayeshindwa aondoke." Hakusema hivyo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Rick Allen, mpiga ngoma wa bendi ya Def Leppard ya Uingereza, aliyepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Wenzake hawakumtafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Walimngoja. Ziliundwa ngoma za umeme zenye pedali kadhaa, na mguu wake wa kushoto ukajifunza kufanya kazi ya mkono uliopotea. Mwaka 1986 alirudi jukwaani, na mwaka 1987 bendi ilitoa santuri iliyouzwa kwa mamilioni.

Kinshasa

Yaweza kusemwa kwamba mifano hii ni ya nchi tajiri, zenye viwanda na umeme. Basi tuje Kinshasa, mji ambao muziki wake ni ndugu wa damu wa dansi letu. Bendi za huko na za Afrika Mashariki zimeazimana mipigo, wapigaji na hata majina kwa miongo mingi.

Mwanzoni mwa karne hii, wanamuziki waliopooza miguu kwa polio, wakiongozwa na Ricky Likabu na Coco Ngambali, waliunda kundi liitwalo Staff Benda Bilili. Maana ya jina hilo kwa Kilingala ni kwamba mtu atazame zaidi ya yale yaonekanayo. Waimbaji na wapiga gitaa wakuu walikalia baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa upya kwa namna ya ajabu. Vijana wenye miguu mizima walishika besi na ngoma, na ngoma hizo ziliundwa kwa mikono yao wenyewe. Mazoezi yalifanywa katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, na huko huko ndiko ilikonaswa sehemu kubwa ya santuri yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2009.

Pamoja nao alikuwapo kijana aitwaye Roger Landu, asiye na ulemavu, aliyekulia mitaani. Alijitengenezea ala yenye uzi mmoja aliyoiita satonge: kopo la bati, mti uliopindwa, na uzi wa gitaa uliotandazwa katikati. Mpigaji huudonoa uzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huupinda mti; mti ukikaza uzi, sauti hupanda, ukiulegeza, sauti hushuka. Vijana wa sehemu nyingi za Afrika na Marekani wametumia kanuni hiyo hiyo kutengeneza besi ya sanduku, kijiti na kamba. Satonge ni mtoto mwembamba wa besi hiyo, aliyepewa sauti ya juu. Hapakuwa na kiwanda. Palikuwa na kopo, na wazee waliokubali kwamba kopo lile ni ala.

Mmoja wa nyimbo zao uliwahimiza wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa dhidi ya polio. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, nao wakazunguka Ulaya wakipiga muziki. Mwaka 2013 kundi liligawanyika, kama bendi nyingi zigawanyikavyo. Nalo hilo ni jambo la kukumbukwa: walikuwa wanamuziki kama wanamuziki wengine, wenye kuelewana na kukosana. Hawakuwa malaika.

Nyumbani

Taifa letu lina mfano wake. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam waliijua saa ya taarifa ya habari kwa mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Mzee huyo alikuwa kipofu, naye alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kubwa na ndogo, vumi na chapuo zikijibizana chini ya mikono ya mtu mmoja. Alizipanga mahali ambapo mikono ilizikuta bila kuongozwa na macho. Nchi nzima ilimsikiliza kila siku, na wengi wa waliomsikiliza hawakujua kwamba haoni. Walisikia ngoma tu, nayo ilikuwa ngoma njema. Sidhani kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Sheria zetu nazo zimepiga hatua. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 1982 Bunge letu lilipitisha sheria mbili, moja juu ya ajira na nyingine juu ya matunzo yao. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini sheria haiwezi kuingia darasani kuinua kiti cha mtoto. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Nimehudhuria mashindano mengi ya ngoma za shule katika utumishi wangu, na mara kwa mara nimemwona mtoto mwenye gongo amekaa kivulini akilinda viatu vya wenzake. Vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vikigonga ubao wa kiti kwa mapigo yale yale ya uwanjani. Nilipouliza kwa nini hachezi, nilijibiwa kwa upole kwamba wanamhurumia. Huruma hiyo humlindia mwalimu raha yake, na mtoto humpokonya ngoma.

Ni lazima pia tujihadhari na kosa la upande wa pili. Tusiwafanye akina Webb na Parlan kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, tukisema, "Mbona yule aliweza?" Historia huandika majina ya waliopata nafasi. Wale ambao hakuna aliyewapelekea santuri, hakuna aliyewangoja, hakuna aliyeishusha besi yake ili kuwafuata, hatuwajui, nao bila shaka ndio wengi. Na methali yetu, "Hujafa hujaumbika," ambayo watu huitumia wamwonapo mwenye ulemavu, kwa hakika yawahusu wazima zaidi. Iommi alikuwa mzima hadi siku ya mwisho ya kazi. Wittgenstein alikuwa mzima hadi vita. Anayemtengenezea mwenzake nafasi leo huenda anajitengenezea mwenyewe.

Basi mwalimu afanye nini? Mambo yenyewe si makubwa. Ngoma isiyofikika iinuliwe juu ya gogo, au ilazwe chini ikipigwa na aliyekaa. Mkwiro usioshikika ufungwe kitambaa kifundoni mwa mkono. Marimba yagawiwe watoto wawili, mmoja ashike sauti za chini kwa mkono wake mmoja, na mwenzake za juu. Gitaa ligeuzwe kwa ajili ya atumiaye kushoto. Nyuzi zilegezwe kwa ajili ya vidole dhaifu, na wengine wote walegeze zao wamfuate. Wala mtoto asipewe kayamba kwa sababu tu ni jepesi, ikiwa moyo wake uko kwenye vumi. Aulizwe anapenda sauti gani, kisha afundishwe kwa ukali ule ule wafundishwao wenzake, asahihishwe akikosea, na aondolewe katika kundi ikiwa hafanyi mazoezi, kama aondolewavyo mwingine yeyote.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ya asili ni kwamba mtu hafanikiwi peke yake, na kwa maana hiyo methali inabaki kweli hata mbele ya Jamerson, ambaye nyuma ya kidole chake palikuwa na bendi nzima. Basi mtoto mwenye ulemavu ajapo kwenye ngoma ya shule, swali la kwanza lisiwe kama ataweza kuipiga. Mwalimu na wanafunzi waizunguke ngoma hiyo waulizane: tuigeuze vipi?